Shahidi Mmoja Hafikishi Juba

Tarehe 14 Machi 1939, ndege kubwa ya majini iitwayo Corsair iliondoka Ziwa Victoria ikielekea Juba. Ilikuwa mali ya Imperial Airways, kampuni ya Waingereza iliyochukua barua na abiria kati ya Durban na Southampton. Ndege za aina hiyo hazikuhitaji uwanja. Zilitua ziwani au mtoni, zikajaza mafuta, zikaruka tena juu ya maji. Rubani mkuu alikuwa Kapteni E. S. Alcock, ndugu yake John Alcock aliyevuka Bahari ya Atlantiki kwa ndege pamoja na Arthur Whitten Brown mwaka 1919. Kazi aliijua, na jina la ukoo wake lilikuwa la watu wanaofika waendako.

Siku hiyo hakufika. Mafuta yalipokaribia kwisha, chini hapakuwa na Juba wala Nile. Palikuwa na msitu, nyasi na mto mwembamba ambao haukuwa kwenye ratiba ya ndege yoyote. Alcock akateremsha ndege juu ya mto huo, ikagonga mwamba, tumbo lake likapasuka, ikakaa topeni. Abiria na wafanyakazi wote walitoka hai. Mto ulikuwa Dungu, na mji wa karibu ulikuwa Faradje, ndani ya Kongo ya Wabelgiji.

Kwa mtu wa Arua au Koboko, huku Uganda, Faradje si jina la kwenye vitabu. Iko upande jua linakozama, kama kilomita 140 kutoka Koboko ukipima kwa mstari ulionyooka. Juba iko mbali na hapo kama kilomita 240, upande wa kaskazini mashariki. Chukua ramani, weka rula Port Bell, kilichokuwa kituo cha Uganda cha ndege hizo, uchore mstari hadi Juba. Kisha chora mwingine hadi Faradje. Mistari hiyo inaachana kwa zaidi ya digrii 25. Zaidi ya hayo, mtu hawezi kutoka njia ya Juba akaishia Faradje bila kuuvuka ule mstari mrefu wa maji unaoanzia Ziwa Albert, ukapita Pakwach na Laropi, ukaenda hadi Juba. Alama kubwa kuliko zote za nchi hii ilipita chini ya mabawa yao, wakaiacha nyuma.

Ilikuwaje? Ndani ya ndege mlikuwa na chombo cha redio cha kutafutia uelekeo, chenye antena ya kitanzi. Kilikuwa kimefanyiwa matengenezo, lakini hakikutengenezwa sawa. Kikatoa uelekeo usio wa kweli, na ndege ikaufuata.

Antena ya kitanzi ni waya uliozungushwa mara kadhaa kwenye fremu ya duara au ya mraba. Wimbi la redio likijia ubavuni mwa kitanzi, linaufikia waya wa upande mmoja kabla ya ule wa upande wa pili, na tofauti hiyo ndogo ndiyo inayozalisha umeme unaosikika kama sauti. Likija uso kwa uso, pande zote mbili hupigwa kwa pamoja, nguvu zake zinafutana, sauti inazimika. Fundi wa redio melini au ndegeni alivaa vipokea sauti masikioni, akakizungusha kitanzi polepole, akasoma digrii kwenye duara lenye namba.

Hakutafuta mahali penye sauti kubwa. Pale sauti ilipo kileleni, unaweza kukizungusha kitanzi digrii kumi na sikio lisitambue badiliko lolote. Lakini penye ukimya, ukisogea kidogo tu sauti inarudi. Kwa hiyo mabaharia walizoea kuuliza ni upande gani redio inanyamaza, na ukimya ndio uliowaonyesha kituo kilipo.

Jambo hili linaweza kujaribiwa nyumbani Arua bila gharama. Chukua redio ya betri yenye masafa ya kati. Acha FM, maana Radio Pacis na wenzake wa FM hupokewa na ule mkonga unaovutwa juu. Masafa ya kati hupokewa na kijiti cheusi kilichozungushiwa waya, kilicholazwa ndani ya redio, nacho hufanya kazi ya kitanzi. Usiku, stesheni za mbali zinaposikika, ishike redio ikiwa imelala, uizungushe taratibu kama sahani. Utafika mahali sauti inafifia. Endelea kuzungusha hadi nusu duara, itafifia tena.

Hapo ndipo penye kasoro ya kwanza ya kitanzi. Kina ukimya wa aina mbili, mmoja mbele na mmoja nyuma, na hakikwambii upi ni upi. Kituo kinaweza kuwa unakokwenda au unakotoka, nacho kitanzi kitajibu vilevile. Mafundi waliongeza antena ya pili, ya wima, ili kutenganisha mbele na nyuma, lakini antena hiyo nayo ilitaka kuunganishwa sawasawa. Kasoro ya pili ni ya saa. Usiku, na zaidi wakati wa jua kuchomoza na kuzama, mawimbi yanayorudi kutoka tabaka za juu angani huchanganyika na yale yanayotambaa ardhini, na ukimya ule mkali unakuwa mpana, unayumba. Kasoro ya tatu ni chuma. Bomba la moshi, mlingoti, kamba za chuma na mwili wenyewe wa chombo hulipinda wimbi. Kwa sababu hiyo meli ilizungushwa duara zima mbele ya kituo kinachoonekana kwa macho, makosa ya kila upande yakaandikwa kwenye kadi, na kadi ikatundikwa kando ya chombo. Ya nne ni pwani: wimbi linalovuka kutoka nchi kavu kuingia baharini kwa mshazari hugeuka kidogo.

Waliokitumia kitanzi kwa miaka mingi hawakukiita cha uongo kwa sababu ya haya. Walijiwekea sheria. Kituo kimoja hutoa mstari tu, na mtu anaweza kuwa popote juu ya mstari huo. Ili kujua ulipo unahitaji kituo cha pili, mbali na cha kwanza, mistari ikutane. Kikipatikana cha tatu ni bora zaidi. Baada ya hapo uelekeo huo ulilinganishwa na dira, saa, mwendo, kina cha maji na kile jicho linachokiona. Chombo kilichotoka kwa fundi kilipimwa kwanza mbele ya kituo kinachojulikana, kabla ya roho za watu kuwekwa mikononi mwake.

Mtu aliyekulia huku haoni ugeni wowote katika sheria hiyo. Mzee wa baraza akiletewa kesi ya mpaka wa shamba, hamwangalii shahidi wa kwanza jinsi anavyosema kwa uhakika. Humwuliza yuko wapi wa pili. Shahidi mmoja anaweza kuwa mkweli kabisa na bado akawa amekosea, kwa sababu alisimama mahali pabaya, au kulikuwa na giza.

Corsair ilikuwa na shahidi mmoja aliyetengenezwa vibaya, na kauli yake ndiyo iliyoamua kesi. Hasara yake ilidumu miezi kumi. Wahandisi waliletwa kuiziba na kuiunda upya kandokando ya mto. Katikati ya mwaka huohuo walijaribu kuirusha, ikagonga mwamba tena, ikapasuka tena. Mafundi wakaanza upya. Maji ya Dungu yakapungua, ikabidi mto uzibwe kwa ukuta ili kina kiinuke. Watu wa pale walifanya kazi pamoja na mafundi wa kigeni, makazi yakaota kando ya maji, yakaitwa Corsairville. Wakati huo vita vya pili vya dunia vilikuwa vimeanza. Mwishowe, tarehe 6 Januari 1940, Kapteni Kelly-Rogers aliiinua ndege ile kutoka katika maji ya kuzibwa na kuondoka nayo. Safari ya kufika Juba kwa muda wa saa mbili hivi ilikuwa imezaa kijiji kizima.

Waliokuwamo walibahatika kupata mto. Wengine hawakubahatika. Tarehe 4 Aprili 1943, ndege ya kivita ya Marekani iitwayo Lady Be Good iliruka kutoka Soluch, Libya, kwenda Naples, ikiwa na watu tisa. Usiku, wakati wa kurudi, iliomba uelekeo kutoka kituo cha Benina, karibu na Benghazi. Kituo kikaijibu kwamba iko kaskazini magharibi, yaani bado juu ya bahari. Maelezo yanayokubaliwa na wengi ni kwamba ndege ilikuwa imekwisha kuipita pwani, iko kusini mashariki, upande wa nyuma wa kitanzi, na kitanzi cha kituo hakikuweza kutenganisha pande hizo mbili. Rubani akaendelea mbele akiamini anaikaribia pwani, kumbe kila dakika inamzamisha jangwani. Mafuta yakaisha. Ndege ilikuja kuonekana mwaka 1958, zaidi ya kilomita 600 ndani ya Sahara. Wote tisa walikufa, na wengi wao walikuwa wametembea siku kadhaa mchangani wakielekea kaskazini.

Kwa hadithi mbili hizi, mtu mwepesi wa kuhukumu atasema: basi vyombo visiaminiwe, turudi kwenye akili na uzoefu. Huyo anahitaji kisa cha tatu, na cha tatu ni cha baharini.

Asubuhi ya tarehe 8 Septemba 1923, kikosi cha manowari 14 za Marekani, za aina ya distroya, kiliondoka San Francisco kwenda San Diego. Kiongozi alikuwa Kapteni Edward Watson ndani ya Delphy, na msoma njia wake Donald Hunter alikuwa mtu mwenye sifa katika kazi hiyo. Walikwenda kasi ya noti 20. Ukungu ulifunika pwani. Kituo cha redio cha Point Arguello, chenye chombo cha kutafutia uelekeo, kiliwapa jibu lililoonyesha kwamba bado wako kaskazini ya rasi ile. Hunter hakuliamini. Teknolojia ilikuwa mpya, na tayari siku hiyo kulikuwa na mkanganyiko wa mbele na nyuma. Aliamini hesabu yake ya mwendo na muda, iliyomwambia kwamba rasi wameshaipita na sasa ni wakati wa kugeuka mashariki kuingia mlango wa bahari wa Santa Barbara.

Kulikuwa na shahidi wa tatu ambaye angeweza kuamua: kina cha maji. Kamba yenye risasi ikitupwa, ingewaambia kama wanasogelea nchi kavu. Lakini kupima kina kulitaka kupunguza mwendo, na mwendo haukupunguzwa. Saa tatu usiku wakageuka. Dakika chache baadaye Delphy ikapanda juu ya miamba ya Honda, na nyingine zikaifuata, kila moja ikiongozwa na taa ya iliyo mbele yake. Manowari saba ziliangamia na mabaharia 23 wakafa. Siku saba kabla ya hapo kulikuwa na tetemeko kubwa la ardhi la Tokyo, na wapo wanaodhani kwamba lilivuruga mikondo ya bahari hadi pwani ile na kuiharibu hesabu ya Hunter. Hata kama ni hivyo, hesabu iliyoharibika ndiyo inayohitaji shahidi wa pili kuliko zote. Watson alisimama mbele ya mahakama ya kijeshi akabeba lawama mwenyewe.

Weka visa hivyo bega kwa bega. Corsair iliponzwa na kukiamini chombo kibovu. Delphy iliponzwa na kukidharau chombo kilichosema kweli. Aliyejifunza kwa Corsair peke yake atakuwa Hunter, na aliyejifunza kwa Delphy peke yake ataishia Faradje. Kosa lililo chini ya yote ni moja: watu waliokuwa na zaidi ya njia moja ya kujua walichagua moja, wakazinyamazisha nyingine. Na kila mara kulikuwa na sababu iliyoonekana ya maana. Ratiba inabana. Kupunguza mwendo ni aibu. Sindano inaonyesha wazi, kwa nini kujisumbua?

Antena za kitanzi zimeshaondoka kwenye meli nyingi. Nafasi yake imechukuliwa na kioo kinachosoma setilaiti, nacho ni sahihi kuliko kitanzi chochote kilichowahi kuundwa. Hata hivyo, miaka ya karibuni mabaharia wa Bahari ya Shamu na wa Ghuba wameona kioo hicho kikiwaambia kwamba meli iko nchi kavu, kwa sababu kuna mtu anayerusha mawimbi ya uongo kutoka mahali fulani. Aliyezoea kutazama pia rada, mnara wa taa na kina cha maji hupita salama. Aliyesahau vyote hivyo hana tofauti na abiria.

Na huku kwetu, ambako meli haifiki, kitanzi kimo mfukoni. Koboko iko kwenye kona ya nchi tatu. Simu ikiwa Oraba, au hata ndani ya mji, inaweza kushika mnara wa Kongo au wa Sudan Kusini ukiwa na nguvu kuliko wa Uganda. Nchi hizo mbili ziko nyuma yetu kwa saa moja: mashariki ya Kongo tangu zamani, Sudan Kusini tangu Februari 2021. Kama saa ya simu imeachwa ijirekebishe yenyewe, usiku itarudi nyuma bila kumwuliza mwenyewe. Mfanyabiashara anayewahi basi la Kampala la saa kumi na mbili asubuhi ataamka, aone saa kumi na moja, ajinyooshe, anywe chai. Simu haikuharibika. Imesema kweli kabisa kuhusu saa ya Ingbokolo au ya Kaya. Basi limeondoka kwa saa ya Uganda. Mwenye kusikia adhana ya alfajiri, au kutazama mbingu za mashariki, alikuwa na shahidi wa pili bila malipo.

Dereva wa lori anayeteremka Vurra kwenda Aru, au anayekwenda Juba kupitia Kaya, anajua upande wa pili wa jambo hili. Ramani ya simu humchorea njia fupi kwa rangi ya buluu, wala haimwambii kwamba mvua ya juzi imeondoa daraja, au kwamba njia hiyo ni ya pikipiki. Turnboy aliyepita wiki iliyopita anajua. Mama anayeuza chai kwenye stendi anajua, kwa sababu madereva wote hukaa kwake. Kumwuliza hakumpunguzii mtu hadhi. Wahenga walisema usiache mbachao kwa msala upitao: mkeka wako wa zamani, hata ukichakaa, usiutupe kwa kuona mpya unaopita. Simu ni msala mzuri, itumike. Kuuliza watu, kusoma jua, kujua mto unaelekea wapi, hayo ni mbachao, na yabaki ndani ya nyumba.

Funzo lenyewe lina vipande vitatu, na kila kimoja kimelipiwa na watu waliotajwa hapa. Kwanza, chombo kilichotoka kutengenezwa kipimwe mahali unapojua jibu, kabla ya kukitegemea mahali usipojua. Redio, breki, mizani ya duka, kipimo cha sukari cha mgonjwa, vyote vinaingia humo. Pili, shahidi wa pili awe na njia yake mwenyewe ya kujua. Simu mbili zilizoshika mnara uleule si mashahidi wawili, na zile manowari zilizofuata taa ya Delphy zilijiona nyingi kumbe zilikuwa moja. Tatu, shaka ina wakati wake. Alcock alipopata hakika kwamba amepotea, alibakiwa na uamuzi mmoja tu, wa kutafuta maji ya kutulia, akaufanya vizuri. Maamuzi mengine yote yalikuwa yamepita pamoja na mafuta. Swali la "je, huu ndio mto tuliotarajia?" linaulizwa tangi likiwa nusu, ungali na uwezo wa kurudi ulikotoka.